Mtoto Anatibiwa, Konokono Anaachwa Majini

Mwalimu wa baiolojia katika kata ya Nyamisangura, pale Tarime mjini, anaweza kuchora mzunguko wa kichocho ubaoni bila hata kufungua kitabu. Mshale unatoka kwa mtu kwenda majini, majini unaingia kwa konokono, kwa konokono unarudi majini, kisha unapenya mguuni mwa mtu mwingine. Wanafunzi wanaunakili, wanaukariri, na mtihani ukija wanapata alama zao. Lakini konokono wa ubaoni hana jina wala makazi. Mwanafunzi huyohuyo akienda likizo kwa shangazi yake Shirati, akasimama ukingoni mwa ziwa na ndoo yake, atakuta konokono wa aina kadhaa ndani ya hatua chache, na hatajua yupi wa kumwogopa na yupi wa kumwacha aendelee na shughuli zake.

Pengo la vita vya kichocho mkoani Mara liko hapo. Kwa takribani miaka 20 nguvu imeelekezwa kwenye mwili wa binadamu. Kila baada ya muda watoto wa shule wanapangwa foleni, wanapimwa kimo ili ijulikane wapewe vidonge vingapi, wanameza kingatiba, majina yanaandikwa, timu inahamia shule inayofuata. Kazi hiyo ni njema na hakuna sababu ya kuibeza. Ila konokono, ambaye bila yeye kichocho hakiwezi kupita kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, hana afisa anayemfuatilia kijijini, hana bajeti, na watu wengi hawajawahi kuonyeshwa sura yake.

Ukubwa wa tatizo haufichiki. Watafiti wa Kitanzania waliopima wanafunzi wa shule za msingi katika jamii mbili za kando ya ziwa wilayani Rorya, Busanga na Kibuyi, walichapisha matokeo yao mwaka 2016: zaidi ya watoto wanane kati ya kumi walikuwa na mayai ya Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo, katika choo kikubwa. Wakati huo kingatiba ya shuleni ilikuwa imeshakuwepo nchini kwa takribani mwongo mmoja.

Mtu wa Nyamisangura anaweza kusema hayo ni mambo ya watu wa ziwani. Tarime ni kwa milima, migomba na baridi. Hoja hiyo haisimami. Dagaa wa soko la Tarime wamevuliwa na kuanikwa na watu waliosimama majini. Vijana wa milimani huteremka mialoni kutafuta vibarua, na ndugu wa ziwani hupanda kuja misibani na harusini. Anayekuja na minyoo huja na mayai yake, na mayai yakifika kwenye kijito chenye konokono anayefaa, mzunguko unaanza upya. Konokono wa kazi hiyo yupo: Biomphalaria pfeifferi, mkazi wa vijito, mifereji na mabwawa madogo, ambaye ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Upande wa Serengeti, penye malambo ya kunyweshea ng'ombe, wa kuchungwa ni jamii ya Bulinus, wanaobeba kichocho cha mkojo. Kule Shinyanga na Mwanza, Bulinus nasutus amewahangaisha watafiti kwa miongo mingi kwa sababu lambo likikauka hujifukia topeni, akangoja mvua kwa miezi.

Afadhali kuanza na asiye na kosa. Kwenye fukwe za Mara ambako mawe makubwa ya matale yameshuka hadi majini, ukiokota jiwe lililozama (ukiwa umevaa gambuti, tafadhali) na kulisogeza karibu na macho, unaweza kuona vidoa vya kahawia vilivyogandana nalo, kila kimoja kirefu kwa milimita chache tu. Ukikisukuma kwa ncha ya kijiti hakitoki. Kikitoka, chini yake kuna mguu mmoja laini na kichwa chenye macho mawili. Huyo ni konokono kamili, ingawa gamba lake halijisokoti. Limeinuka katikati na kushuka pande zote, lina umbo la pia. Wataalamu humwita Burnupia, na mwenzake mdogo zaidi ni Ferrissia. Konokono wa umbo hili, wa maji baridi na wa maji chumvi, hujulikana kwa jumla kama limpeti.

Limpeti wenye sifa kubwa ni wa baharini. Kwenye kingo za matumbawe ya kale, kuanzia Msasani hadi Nungwi na juu hadi Mombasa, maji yakipwa utawakuta wa jamii ya Cellana wameshikamana na mwamba chini ya jua kali, wamefungia unyevu ndani ya gamba wakisubiri maji yajae. Wengi wana kwao. Hutoka kula mwani wakati mwamba umelowa, wakazunguka, kisha wakafuata njia ya ute wao hadi palepale walipotoka, kwenye alama iliyochimbika mwambani ambayo ukingo wa gamba lao hulala sawasawa bila kuacha mwanya. Ulimi wao una safu za meno ya kukwangulia jiwe. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, walitangaza kwamba meno hayo, yenye nyuzi nyembamba za madini ya chuma yaitwayo gothaiti, yana uimara uliozidi kila kitu kilichokuwa kimepimwa kutoka kwa kiumbe hai, ukiwemo uzi wa buibui.

Kwa nini gazeti linalosomwa Tarime lizungumzie meno ya konokono wa baharini? Kwa sababu limpeti ndiye aliyewafundisha wanasayansi jinsi konokono mdogo anavyoweza kutawala ufukwe mzima. Machi 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilipasuka kwenye miamba karibu na Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Waliotumwa kusafisha fukwe walimwaga maelfu ya tani za sabuni kali za kuyeyusha mafuta. Mafuta yaliua baadhi ya limpeti, lakini sabuni iliua wengi zaidi. Pasipo wa kukwangua, miamba iligeuka kijani, halafu ikafunikwa na mwani mrefu mzito, na sehemu zilizomwagiwa sabuni nyingi zilichukua zaidi ya miaka 10 kurudia hali yake. Waliosafisha walikuwa na nia njema na dawa yenye nguvu. Hawakuwa wamejua nani anafanya kazi gani pale ufukweni.

Kosa hilo linaweza kurudiwa ziwani kirahisi. Dawa ya kuua konokono inayotumika zaidi duniani ni niklosamaidi. Inamuua Biomphalaria vizuri, lakini haichagui. Inaua limpeti, inaua konokono wengine wasiobeba kitu, inaua na samaki. Kuimwaga katika ziwa lenye eneo la karibu kilomita za mraba 69,000 ni ndoto, na kuimwaga kwenye ghuba ambayo watu wanavua sato na furu ni kumwagia sumu kitoweo chao. Dawa hiyo ina mahali pake, kwenye kidimbwi au mfereji unaojulikana mwanzo na mwisho wake. Anayeishika bila kujua konokono anayemtafuta anaishi wapi hana tofauti na wale wa Cornwall.

Tena limpeti wa ziwani ni ndugu wa mtuhumiwa. Kwa ukoo, hawa wa maji baridi wako karibu zaidi na konokono wa kichocho kuliko walivyo kwa limpeti wa baharini. Wamefanana na wale wa bahari kwa sababu maji yanayosukasuka juu ya jiwe yanampendelea mwenye gamba fupi linaloshika. Na mmoja wao amewahi kushtakiwa. Miaka ya 1950 watafiti wa India waliokuwa wakichunguza kichocho cha mkojo katika kijiji cha Gimvi, magharibi mwa nchi hiyo, walimtaja limpeti wa maji baridi, Ferrissia tenuis, kuwa mbebaji. Lakini kesi hiyo ni ya India: kwa Ziwa Victoria wabebaji wanajulikana, na sura zao ni tofauti kabisa na yake.

Wa kwanza wa kukumbukwa ni Biomphalaria sudanica. Gamba lake ni bapa, limejisokota kuzunguka mahali pamoja bila kilele, upana wake sentimita moja au zaidi kidogo, rangi ya kahawia. Ana damu nyekundu, jambo la nadra kwa konokono, kwa sababu ana hemoglobini inayomwezesha kuishi kwenye maji yenye oksijeni haba. Anapumua pia kwa pafu, kwa hiyo hupanda juu kuchukua hewa na kushuka tena. Mawimbi hayapendi. Utamkuta penye matete, mafunjo na magugu maji, kwenye maji yaliyotulia yenye majani yanayooza, na mara nyingi hapo ndipo akina mama hufulia, kwa sababu maji yaliyotulia ni rahisi kuingia ukiwa na beseni na mtoto mgongoni. Mayai yake hukaa ndani ya ute angavu uliobandikwa chini ya jani, na yakikosa jani hubandikwa kwenye chupa ya plastiki au tumbo la mtumbwi. Kila konokono ana viungo vya kiume na vya kike, na akikosa mwenza hujitungisha mwenyewe. Maana yake mmoja tu akisafiri juu ya gugu linaloelea anaweza kuanzisha ukoo kwenye mwalo mpya. Magugu maji yalipovamia ziwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, watu walilalamikia mitumbwi iliyonasa na nyavu zilizopotea. Usafiri wa bure waliopata konokono haukuzungumzwa sana.

Wa pili ni Biomphalaria choanomphala, mdogo zaidi, anayeishi chini ya maji, mbali kidogo na ukingo. Wapo watafiti wanaoona, kwa ushahidi wa vinasaba, kwamba yeye na sudanica ni aina moja iliyochukua sura mbili kufuata makazi. Vyovyote iwavyo, uwepo wake unavunja imani iliyozoeleka kwamba ufukwe mweupe usio na majani ni salama. Mchanga safi wa kupigia picha unaweza kuwa na choanomphala hatua chache kutoka unapooga.

Bulinus naye anatambulika kwa jaribio ambalo mtoto wa darasa la nne analiweza. Chukua gamba tupu lililokauka, lishike kilele kikiwa juu na mdomo ukikutazama. Konokono wengi duniani mdomo wao huangukia mkono wako wa kulia. Wa Bulinus huangukia kushoto. Si kila gamba la kushoto ni Bulinus, lakini jaribio hilo peke yake linaondoa sehemu kubwa ya wasiohusika, na halihitaji umeme, maabara wala mfadhili.

Halafu kuna ratiba. Yai la kichocho likifika majini huangua kimelea kinachoogelea kiitwacho mirasidia, ambacho kina saa chache tu za kumpata konokono wake kabla hakijafa. Kikimpata huingia mwilini, kikazaliana humo kwa wiki nne au tano. Konokono aliyeambukizwa huacha kutaga. Mwili wake unafanya kazi ya mnyoo. Baada ya hapo anaanza kutoa serkaria, vimelea vyenye mkia uliogawanyika mara mbili, ambavyo kwa siku vinaweza kufikia maelfu kutoka kwa konokono mmoja. Ndiyo maana hata pale ambapo konokono walioambukizwa ni wachache, mara nyingi chini ya watano kati ya mia, maji yanatosha kuwaambukiza watoto wa shule nzima.

Serkaria hawatoki ovyo. Wale wa kichocho cha binadamu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao kwa karne nyingi watu wamekuwa majini. Katika kisiwa cha Guadeloupe, kwenye bahari ya Karibi, ambako mnyoo huyohuyo amezoea kuishi ndani ya panya, watafiti walikuta serkaria wakitoka jioni, kwa kuwa panya ni wa jioni. Mnyoo ameshika ratiba ya anayemtafuta. Binadamu naye angeweza kushika ratiba ya mnyoo: nguo zikafuliwa alfajiri, watoto wakazuiwa kuogelea mchana. Maji ya kuoga yaliyotekwa na kuwekwa kwenye pipa lisilo na konokono kwa siku mbili huwa yamepoteza serkaria wake, maana hawaishi zaidi ya hapo. Maarifa hayo hayana gharama, na ni mara chache kusikika katika hotuba za siku ya kingatiba.

Vidonge vyenyewe, prazikwanteli, ni dawa nzuri ajabu kwa bei yake. Huua minyoo wakubwa ndani ya mishipa ya damu, ambamo mnyoo jike wa mansoni hutaga mayai mamia kwa siku kwa miaka. Lakini haiui minyoo wachanga, na haimkingi mtu na maambukizi mapya. Mtoto wa Kibuyi anameza Jumatatu na Jumanne anakwenda kuoga palepale. Kwa miaka mingi watoto wadogo wa chini ya umri wa shule waliachwa nje kabisa kwa sababu hakukuwa na kidonge cha kuwafaa. Dawa yao, inayoyeyuka majini, ilipata kibali cha kitaalamu barani Ulaya Desemba 2023 na bado inaanza kusambaa. Watu wazima wanaoshinda majini, wavuvi na waanika dagaa, hawapo kwenye foleni ya shule. Wengi wao hugundulika ini na bandama vikiwa vimeshaharibika. Madaktari wa Bugando, Mwanza, wamezoea kupokea wagonjwa wanaotapika damu kwa sababu ya kichocho cha muda mrefu, baadhi yao wakiwa wamepitia kwanza kwa waganga wakidhani tumbo lililovimba ni la kurogwa.

Kuna nchi iliyomaliza kichocho kabla vidonge hivi havijawa vya kugawiwa shuleni. Japani ilijua mwaka 1913, kwa kazi ya Keinosuke Miyairi na msaidizi wake Suzuki, kwamba mnyoo wake hupitia kwa konokono mdogo wa kandokando ya mashamba ya mpunga. Kuanzia hapo ilimwandama konokono huyo kwa miongo. Waliwaokota kwa mkono, wakamwaga chokaa, kisha wakajengea mifereji kwa zege maelfu ya kilomita ili maji yakimbie na tope likose pa kutulia. Katika bonde la Kofu, mkoa wa Yamanashi, mgonjwa mpya wa mwisho alipatikana miaka ya 1970, na mwaka 1996 mkoa ulitangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Huko Kurume, kusini zaidi, ipo hata kumbukumbu ya jiwe iliyosimikwa kwa ajili ya konokono waliotoweshwa. Gharama ilikuwa kubwa na mazingira ya vijito yaliumia. Zege si ushauri kwa Mara. Kinachofaa kuigwa ni kwamba mkulima wa Kofu alimjua konokono wake kwa sura, kwa jina na kwa mahali anapolala.

Mfano wa karibu zaidi na uwezo wetu unatoka Senegal. Katika bonde la mto Senegal, ambako bwawa la Diama la mwaka 1986 lilifuatiwa na mlipuko wa kichocho, watafiti waliondoa magugu kwenye sehemu za kuchotea maji za baadhi ya vijiji na kuyaacha kwenye vingine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha konokono walipungua na watoto wa vijiji vilivyosafishwa waliambukizwa tena kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Magugu yenyewe hayakutupwa: yaligeuzwa mbolea na chakula cha mifugo. Mkulima wa Tarime anayenunua mbolea ya mahindi kila msimu, na mfugaji wa Serengeti anayehangaika na malisho wakati wa kiangazi, hawahitaji kuelezwa mara mbili thamani ya jambo hilo.

Zanzibar inatoa somo la tahadhari, na si haki kulificha. Kati ya mwaka 2011 na 2017, Unguja na Pemba zilikuwa na jaribio kubwa la kutokomeza kichocho cha mkojo. Shehia zote zilipata vidonge mara mbili kwa mwaka. Baadhi ziliongezewa upigaji wa niklosamaidi penye konokono, nyingine ziliongezewa elimu, vyoo vya kukojolea, majukwaa ya kufulia nguo na michezo salama kwa watoto. Ugonjwa ulishuka pote. Lakini haukuisha, na zile nyongeza hazikuonyesha tofauti kubwa kuliko vidonge peke yake. Wapinzani wa bajeti ya konokono wanaweza kuushika ushahidi huo kwa mikono miwili.

Hata hivyo kuna mambo mawili yanayofanya Mara isiwe Unguja. Visiwani maambukizi yalikuwa yameshashuka sana kabla jaribio halijaanza, na panapokuwa na ugonjwa mdogo ni vigumu nyongeza yoyote kuonekana. Rorya wanazungumzia watoto wanane kwa kumi. Na baada ya jaribio, Pemba haikuacha konokono. Ilibadili namna, ikaelekeza nguvu kwenye maeneo machache yaliyobaki na maambukizi badala ya kutawanya dawa kila mahali. Hiyo ndiyo kanuni inayofaa mialoni. Maambukizi hayajasambaa sawasawa kandokando ya ziwa. Yamejaa mahali ambapo maji yaliyotulia, majani, konokono na miguu ya watu hukutana, na mahali hapo panaweza kutajwa kwa majina na wakazi wenyewe asubuhi moja.

Ziwa lina walinzi wake pia, na wamepungua. Kamongo, yule samaki mwenye mapafu ambaye wazee wa Kijaluo wanaheshimu nyama yake, hula konokono kwa wingi; kuvuliwa kupita kiasi na kukaushwa kwa maeneo oevu kumempunguza. Baadhi ya furu nao walikuwa mabingwa wa kula konokono kabla sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950, hajawafyeka. Mmoja wao, Astatoreochromis alluaudi, ana taya la ndani ya koo lenye meno mapana ya kusagia magamba. Mtaalamu wa samaki Humphry Greenwood alionyesha mwaka 1965 kwamba samaki huyu akilelewa kwa chakula laini, taya hilo hukua jembamba na dhaifu. Waliojaribu kumtumia nchini Cameroon kama askari wa kuua konokono mabwawani walikwama kwa kiasi fulani kwa sababu hiyohiyo: walimtoa penye konokono wakamlea pasipo nao. Kwa hiyo hoja ya kununua samaki na kuwamwaga ni dhaifu kuliko inavyosikika. Hoja yenye nguvu ni kuacha kuharibu mazalia ya kamongo na furu waliopo, na hilo tayari ni jukumu la BMU, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kwenye kila mwalo.

Kinachopendekezwa hapa hakihitaji taasisi mpya. Kila mwalo wa Rorya na kila kivuko cha mto na lambo la Tarime na Serengeti kiwe na watu wawili waliofundishwa kuwatambua Biomphalaria na Bulinus, wawe wahudumu wa afya ya jamii au vijana wa BMU. Vifaa vyao ni gambuti, glavu ndefu za mpira, kichujio cha waya kilichofungwa kwenye mpini mrefu, na lenzi. Mara moja kwa mwezi wachote mahali palepale, wahesabu, waandike. Konokono walionaswa wawekwe kwenye glasi ya maji safi juani kwa saa chache. Aliyeambukizwa atatoa serkaria, na lenzi nzuri inawaonyesha wakiogelea. Kituo cha NIMR cha Mwanza kina wataalamu wa kichocho wanaoweza kufundisha kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, limeshaweka udhibiti wa konokono na maji safi pamoja na vidonge, kwa hiyo halmashauri haitakuwa imebuni jambo la ajabu.

Daftari hilo la kila mwezi litaamua mengine yote. Mwalo wenye konokono wengi penye magugu, magugu yatolewe na wananchi waliovaa kinga, yakageuzwe mboji. Mwalo wenye konokono pasipo magugu, huko ndiko bomba la maji au jukwaa la kufulia lijengwe kwanza, badala ya kujengwa karibu na nyumba ya mwenye sauti. Kidimbwi kimoja kidogo kilichojaa Bulinus karibu na shule kinaweza kustahili niklosamaidi, kwa mkono wa mtaalamu, baada ya samaki wake kuvuliwa. Pasipokutwa kitu, pasimwagwe kitu. Na kingatiba iendelee, ikiwafuata na wavuvi mialoni mwao badala ya kuwasubiri wageuke wagonjwa wa Bugando.

Kuna watakaosema watumishi hawatoshi. Ni kweli hawatoshi, lakini wanafunzi wa sekondari wapo. Somo la baiolojia linadai kazi za vitendo, na mara nyingi zinafanywa kwa jani la muhindi na panzi. Darasa la Nyamisangura likipelekwa kwenye kijito cha karibu na kichujio, chini ya uangalizi na miguu ikiwa ndani ya gambuti, litarudi na hesabu ambayo halmashauri haina: kuna Biomphalaria pfeifferi hapa, au hakuna. Kata nyingine zikifanya hivyo, kwa mwaka mmoja ramani ya vijito vya Tarime itakuwa imeanza kuchorwa na watoto walewale wanaopangwa foleni ya vidonge.

Vijiji na mitaa hupanga vipaumbele vyake kupitia vikao vya fursa na vikwazo kwa maendeleo kabla ya bajeti mpya kuanza Julai 1. Barabara, zahanati na madarasa huwa juu ya orodha, kwa haki. Gharama ya vichujio, lenzi na gambuti kwa kata nzima haifiki bei ya pikipiki moja, na mjumbe wa mtaa yeyote anaweza kuiombea mstari wake kwenye orodha hiyo.